Karakana ya Wilson iliyoirudisha otopailoti yetu katika hali yake

Karakana hii ndogo ya vifaa vya elektroniki vya ndege, katika Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, inastahili kufahamika na marubani wengi zaidi. Ndege yetu ndogo, Cessna 172, ilitoka kwenye ukaguzi wa mwaka, uliofanyika kwingine, ikiwa na otopailoti (mfumo unaoiongoza ndege bila rubani kushika usukani) ya aina ya KAP 140 iliyofaulu jaribio lake la ardhini, lakini angani ikawa inayumba kushoto na kulia na kushindwa kushika mwinuko.

Fundi hakukimbilia kuuza kompyuta mpya ya otopailoti. Aliuliza kwanza ni nini kilichoguswa wakati wa ukaguzi, kwa kuwa KAP 140 hupata taarifa za kulala kwa mbawa kutoka kwenye kipimo cha mgeuko (kifaa kinachoonyesha jinsi ndege inavyogeuka), na hupima mwinuko kupitia mrija wa hewa tuli, unaoleta shinikizo la hewa ya nje. Nyuma ya dashibodi alikuta kiungio cha mrija huo kimelegea na plagi ya kipimo haijakazwa barabara. Alipima uvujaji, akaandika kila hatua katika kitabu cha kumbukumbu za ndege, kisha akataka turuke pamoja kuhakiki, jambo ambalo mafundi wengi hulikwepa. Bei yao iko juu, na simu huchelewa kupokelewa. Hata hivyo, ndege yetu nitaipeleka huko tena.