Kompyuta ya kazi za ubunifu: ipi ya kununua, ipi ya kuiacha dukani

Ukitaka nikushauri kuhusu kompyuta ya kuhariria video, picha au muziki, nitakuuliza kwanza: RAM yake (memori ya muda inayoshika kazi uliyoifungua) kiasi gani? Jina la prosesa huandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. RAM huandikwa pembeni, nayo ndiyo itakayokutesa mwaka wa tatu. Kwenye Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza kutoka 2020, RAM imefungwa pamoja na chipu, na hakuna fundi wa kukuongezea. Laptopu nyingi nyembamba za Windows nazo ziko hivyohivyo. GB 16 zinatosha picha na michoro ya kawaida. Ukihariri video za 4K, anzia GB 24, na 32 au zaidi ukijaliwa.

Ya kwanza: laptopu ya MacBook Pro ya inchi 14 yenye chipu ya M4 Pro (2024). RAM yake inaanzia GB 24. Kinachoipandisha juu ya orodha yangu ni kwamba ukichomoa chaja, kasi haishuki. Niliwahi kuwa na laptopu ya Windows yenye kadi nzito ya grafiksi, jina nalihifadhi. Siku moja nipo mbele ya mteja, soketi iko mbali, nikachomoa waya. Taimlaini ikaanza kukwamakwama, feni zikanguruma kama mashine ya kusaga, mteja akauliza kama ni salama kuendelea kukaa pale.

Skrini ya MacBook hii inaonyesha rangi za P3 (wigo mpana wa rangi) na mwanga wa HDR, yaani wa video zenye mwangaza mkali na giza zito, unaofika niti 1,600 (niti ni kipimo cha mwangaza), na tundu la kadi ya SD lipo, huhitaji kubeba adapta. Ya inchi 16 ni tamu kwa macho, ila ina kilo 2.1 dhidi ya 1.6. Bega lako lipige kura. Usimalize pesa kwenye diski ya ndani, maana SSD (diski ya kasi) ya nje itakuhifadhia video vizuri tu.

Ya pili: kompyuta ya mezani ya Windows yenye kadi ya NVIDIA. Kama kazi yako ni 3D, isome hii kama ya kwanza. Kurenda (kuzalisha picha ya mwisho) kwa Blender, programu ya 3D, kunaipenda kadi ya grafiksi kuliko kitu kingine chochote, na hapa RAM, diski na kadi yenyewe vyote vinabadilishika.

Kuna mtego mmoja wa majina. RTX 5090, kadi ya NVIDIA, ya mezani ina memori yake yenyewe ya GB 32 na hula hadi wati 575. RTX 5090 ya laptopu ina GB 24, na umeme inaoruhusiwa haufiki wati 200. Wanafanana jina, undugu hakuna. Anayekuuzia laptopu akisema "kadi ni ileile", mwulize wati. Ukiichukua ya mezani, hesabu pia pawasaplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme): NVIDIA wenyewe wanataka mfumo wa wati 1,000.

Ya tatu: Mac Studio (2025), kompyuta ya mezani ya Apple. Toleo lenye chipu ya M4 Max linaanzia RAM ya GB 36, la M3 Ultra GB 96. Ultra waachie wanaojua kwa nini wanaihitaji. Kumbuka haiji na skrini, kibodi wala mausi. Kwa kweli wengi wanaoitamani wangefaa zaidi na Mac mini, ndogo yake, ya M4 Pro, kisha kilichobaki kiende kwenye skrini nzuri.

Ya nne: laptopu ya Windows, ASUS ProArt P16. Inakufaa ukiwa safarini na kazi yako inadai programu ya Windows pekee, mathalani 3ds Max ya kazi za 3D. Skrini yake ya OLED, ambayo kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, ina weusi wa kweli, lakini ukiacha menyu ileile imesimama palepale kutwa, mwezi baada ya mwezi, alama inaweza kubaki. Weka upau wa chini ujifiche.

Ya mwisho: iMac ya inchi 24, kompyuta iliyojengwa ndani ya skrini yake. Nzuri kuitazama, na skrini ya 4.5K haina lawama. Lakini inakuja na M4 ya kawaida tu, hakuna Pro wala Max, na siku chipu itakapochoka huwezi kuchomeka kompyuta nyingine ukaitumia skrini hiyo. Kioo kizima kitastaafu pamoja nayo.