Pomboo wa kizimbani au wa baharini?

Meli ya kitalii ikitia nanga Nassau, Bahamas, au Cozumel, kisiwa cha Mexico, abiria ana saa chache tu za kutembea. Hapo ndipo pomboo wa kufugwa anaposhinda: hakosi kuwepo. Unavaa jaketi la kuokolea maisha, mkufunzi anapuliza filimbi, pomboo anakuja kukubusu shavuni, anatupiwa samaki, picha inapigwa. Hata asiyejua kuogelea anafurahi. Gharama si ndogo, na picha mara nyingi unauziwa kando.

Ila kiangalie hicho kizimba. Mnyama anayewinda kwa kusikiliza mwangwi wa sauti yake anazunguka palepale siku nzima. Lile "tabasamu" nalo ni umbo la taya tu. Hata akiumwa linabaki. Mexico yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2025 kupiga marufuku maonyesho ya wanyama hawa.

Kwenda kuwatazama kwa boti? Unaweza kurudi bila kuona hata pezi. Wala boti si salama kwao moja kwa moja: kule Kizimkazi, Zanzibar, boti huwazingira na wageni hujirusha majini juu yao. Mimi nachagua boti, mradi nahodha apunguze mwendo na kuwaacha wasogee wenyewe.