Power Commander V kwenye FJR1300: resi imetulia, ila usiinunue kwa ajili ya mbio

Wadau wa pikipiki za safari, hii Power Commander V ya Dynojet, kiboksi cha kurekebisha mafuta yanayoingia kwenye injini, nimeishi nayo kwenye Yamaha FJR1300 yangu muda wa kutosha sasa, na swali linalokuja kila mara ni "vipi, imeongeza mbio?" Haijaongeza, au tuseme imeongeza kidogo mno huwezi kuisikia ukiwa umebeba abiria na mabegi yamejaa, na kiukweli mtu mwenye injini ya cc 1298 anayelalamika mbio hazitoshi sijui anakimbilia wapi. Hii kitu nunua kwa ajili ya resi ya chini. Yaani pale mkono umegeuka kidoogo tu, uko gia ya pili, unatoka kwenye kona ya kubana, hapo ndo utajua hela yako imeenda wapi.

Wenye FJR za 2006 mpaka 2012 wanaelewa naongelea nini. Unaachia resi unaingia kona, ukifungua tena kidogo tu pikipiki inaruka mbele kama imepigwa teke, abiria anakugonga helmeti kisogoni, shafti inayozungusha tairi la nyuma nayo inalia "ngo" maana ina kale kauwazi kadogo kwenye meno yake. Chanzo sio kimoja. Kiwandani kwenye resi ndogo wanabana mafuta ili moshi upite vipimo, alafu ukiachia resi kabisa kompyuta ya injini inakata mafuta yote na ukifungua inayarudisha kwa mpigo, na juu ya hapo ile puli inayovuta kebo ya resi inafungua haraka sana mwanzoni.

Hapa ndo watu wanauziwa maneno. Kiboksi hiki hakichukui kazi ya kompyuta ya pikipiki, kinakaa katikati yake na injekta (zile pua zinazopulizia petroli kwenye injini), kinapokea muda ambao kompyuta imepanga injekta ifunguke, kinaurefusha au kinaufupisha kwa asilimia, basi. Ukijaza 5 kwenye jedwali, muda unaongezeka asilimia 5. Sasa asilimia 5 ya sifuri ni ngapi? Wakati kompyuta imekata mafuta kabisa kiboksi hakina cha kuongeza, kwa hiyo kale kamshtuko ka mafuta kurudi kanapungua ila hakaishi. Anayetaka kaishe kabisa atafute fundi wa kuflashi kompyuta yenyewe, yaani kuandika upya programu yake, huyo anaweza kuingia ndani na kuizuia isikate. Faida ya kiboksi ni kwamba siku unauza pikipiki unachomoa konekta zako, unarudisha za kiwandani na hakuna anayejua.

Kufunga sio kazi ngumu, ni kazi ya subira. Unavua siti na makava, unafungua bolti za mbele za tangi unaliinua, kule chini kumebanana sana na vidole vinene vitateseka. Kila injekta unachomoa plagi yake unapachika ya kiboksi katikati, na waya wa ardhi peleka kwenye hasi ya betri moja kwa moja, usiufunge kwenye bolti yoyote tu ya fremu yenye rangi na kutu alafu uje useme kiboksi kibovu. Kuna kibanio kinachoshika waya wa sensa ya resi, hicho kifungwe vizuri, kikilegea namba zinaruka ruka na injini inamisi bila mpango. Ukimaliza, kabla ya kitu kingine chochote, ingia kwenye programu uifundishe resi iliyofungwa ni ipi na iliyofunguliwa yote ni ipi. Programu yake ni ya Windows, kwa hiyo andaa laptopu.

Tuje kwenye mapu sasa, yaani lile jedwali la namba za kuongeza au kupunguza mafuta. Jedwali lina safu za resi za asilimia 0, 2, 5, 10, 15, 20, 40, 60, 80 na 100, na mistari inapanda kwa kila mizunguko 250 ya injini kwa dakika. Ukidaunlodi mapu iliyotengenezwa kwa ekzosi nyingine na filta nyingine ukaibandika kwenye pikipiki yenye kila kitu cha kiwandani, usishangae ikinuka petroli. Mi nilianza na sifuri kila mahali, nikaongeza kati ya 3 na 6 kwenye safu ya 2 na ya 5 tu, kuanzia mizunguko kama 2,000 mpaka 3,500. Tofauti ilisikika palepale: ukifungua resi injini inavuta kwa upole, na kwenye foleni huhitaji tena kuteleza klachi muda wote. Safu ya 0 niliiacha, sikutaka kuchezea sailensa, yaani mzunguko wa injini ikiwa resi imeachiwa.

Mwendo wa safari pia usiuguse. Pale kompyuta inafuata sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi, inatafuta hewa 14.7 kwa petroli 1 kwa uzito, ukiongeza mafuta sensa inaona yamezidi na kompyuta inapunguza, mnavutana bure. Wengine wanachomoa sensa na kuweka kile kiplagi cha kuidanganya kompyuta. Inawezekana, ila ulaji wa mafuta unapanda, katalisti inayosafisha moshi kwenye ekzosi inateseka, na kama unapoishi wanapima moshi umejitafutia kesi. Pikipiki yenye tangi la lita 25 ilinunuliwa ili iende mbali, sasa mbona unaiharibia sifa.

Na kabla hujatoa hela angalia vya bure kwanza, kebo ya resi isilegee na throto bodi zote nne, zile njia za hewa zinazofunguliwa na resi, zivute sawa. Nimeona FJR ikitulia kwa hayo mawili tu na mwenyewe akaachana na habari za viboksi.

Kwa wenye za 2013 kuja juu, resi yenu ni ya umeme na kuna modi ya T (ya safari, ya upole) na ya S (ya kimichezo, ya ukali), tembeeni na T kwanza. Ikiwa bado inarusha kwenye T, mi ningeenda kuflashi na sio kununua hiki.