Siku moja Dodoma: Soko la Majengo au Chamwino?

Ukiwa na saa mbili tu kabla ya treni ya SGR kurudi Dar, nenda Majengo. Liko katikati ya mji, na ukikuta msimu wa zabibu hutamaliza hatua kumi bila kuonjeshwa. Mimi huenda moja kwa moja kwa akina mama wa mlenda. Majani yamekaushwa, yakatwangwa, yamejaa kwenye mfuko kama chai ya kijani, na yanapimwa kwa kopo. Uliza upikaje; utaambiwa usizidishe magadi, weka karanga za kusaga, koroga taratibu hadi uvutike. Ila vitu vya sanaa pale ni vichache, na vingine vimetoka mbali.

Chamwino ni kilomita kama 30, barabara ya Morogoro. Daladala zinajaza, utachelewa kidogo. Lakini huko ndiko kwenye zeze la nyuzi na ilimba, ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba; ala za Wagogo alizozipeleka mwanamuziki Hukwe Zawose duniani kabla hajafariki mwaka 2003. Ukimpata fundi, mwombe akuoneshe ndimi za chuma za ilimba zinavyosogezwa mbele na nyuma kurekebisha sauti. Sauti moja tu yaweza kumshikilia muda mrefu. Salimia kwa Kigogo, “mbukwenyi”, kwanza, mambo ya bei baadaye. Ugali wa uwele kwa mlenda utaupata ukikaribishwa nyumbani, kwa hiyo usiende mikono mitupu: sukari yatosha.

Mwenye siku nzima? Chamwino, bila kusita. Mlenda utanunua ukirudi.