Deli la lita 25 kwa mitoko ya familia: nimelitumia joto, mvua na baridi

Wenye watoto wadogo mnajua, kinachoharibu mtoko wa siku moja mara nyingi ni kitu kidogo tu: saa nane mchana mtoto ana kiu, maji yamekuwa ya vuguvugu, matunda yamelegea, na chakula ulichopika alfajiri unakinusa mara mbilimbili kabla ya kumpa. Hapo hata sehemu iwe nzuri vipi watu wanaanza kukusanya vitu warudi nyumbani. Kwa hiyo nimeona niandike kuhusu deli letu maana limeshapita misimu yote na sasa naweza kulisemea kwa uhakika.

Ni lile gumu la plastiki, kuta mbili na povu katikati, mfuniko wa bawaba wenye klipu mbili, mpini mmoja juu na kitundu cha kutolea maji ubavuni chini. Rangi nyeupe, na nyeupe niliitaka makusudi kwa sababu inarudisha jua, jeusi au la bluu iliyoiva likikaa juani nusu saa liguse tu utanielewa.

Sasa jamani, mfuniko. Dukani watu wanagonga kuta, wanauliza ukubwa, wanasukuma matairi, mfuniko hawaugusi kabisa na ubaridi mwingi unatorokea hapo hapo. Hili lina mpira mwembamba unaozunguka mdomo wote, ukifunga unausikia unabana. Ukienda kununua beba kipande cha karatasi, kiweke mdomoni mwa deli, funga, halafu kivute, kikitoka kirahisi ujue pana pengo. Fanya hivo pande zote nne na hasa upande wa bawaba. Halafu gonga mfuniko wenyewe, maana yapo madeli kuta zimejaa povu ila mfuniko ni hewa tupu, unalia kama ndoo, hayo yaache hata kama muuzaji anakupunguzia.

Uwezo wake kwenye joto kali ni mzuri sana ila unategemea unavyolipakia. Barafu ikiyeyuka inakula joto jingi mno, kilo moja inameza karibu kilojuli 334, na joto hilo lingetosha kupandisha kilo moja ya maji ya nyuzi 0 mpaka karibu nyuzi 80. Ndo maana ukiweka barafu ya kutosha chakula kinabaki baridi hata nje kukiwa kunachoma, lakini ikishaisha kuyeyuka mambo yanabadilika haraka. Bonge moja kubwa linadumu kuliko vipande vidogo vya uzito uleule kwa sababu vipande vina sehemu nyingi za kupokea joto. Sisi tunagandisha maji ya kunywa kwenye chupa za plastiki usiku, tunaacha nafasi juu maana maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na chupa iliyojaa pomoni inaweza kupasuka, asubuhi ndo barafu yetu na jioni ndo maji ya kunywa, hakuna kinachopotea na hakuna kitu kinachoelea kwenye dimbwi la maji. Chupa mbili chini, nyingine juu ya chakula, kwa sababu hewa ya baridi inashuka. Na kila kinachoingia kiwe kimeshalala kwenye friji, ukitia soda za moto barafu itamalizia nguvu yake kuzipoza hizo soda.

Tatizo la joto ni watoto, kila dakika mfuniko juu, huyu anatafuta juisi, huyu anaangalia kama juisi bado ipo. Tukaamua maji ya mchana yakae kwenye chombo chake pembeni na deli lifunguliwe wakati wa kula tu, tofauti yake ni kubwa, jioni bado kuna barafu ndani. Kwenye gari pia lisikae buti kama kuna nafasi miguuni kwa abiria, ndani ya gari mnapoza hewa buti inabaki tanuri. Mkifika, kivulini, na kivuli kinahama kwa hiyo mtu mzima mmoja awe analisogeza. Kama hewa ni kavu funika na kitambaa kibichi, maji yanavyokauka yanachukua joto, ila pwani au sehemu yenye unyevu mwingi hiyo haisaidii sana.

Naomba hapa tuwe siriasi kidogo kwa ajili ya watoto. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5 na cha moto kiwe juu ya nyuzi 60, katikati hapo bakteria wanaongezeka kwa kasi. Kwa hiyo mimi huwa natupia kipimajoto kidogo cha friji ndani ya deli, ni kitu cha bei ndogo na kinamaliza ubishi wa "hiki bado kizuri" na "hiki tukitupe".

Msimu wa mvua ndo nimeliona kasoro. Halivuji, hapana, lakini mfuniko una mfereji mdogo juu kuzunguka ukingo, mvua ikinyesha maji yanajikusanya pale na ukifungua bila kuangalia yote yanaingia kwenye chakula. Kabla ya kufungua liinamishe kwanza au pangusa na kitambaa. Faida yake mvuani ni kwamba likiwa halina chakula tunatia nguo kavu za watoto, taulo na simu, tunabana klipu, na zinatoka kavu kabisa. Watoto wanalikalia pia majani yakiwa yameloa, linavumilia, mtu mzima mwenye mwili sikushauri maana bawaba ndo zinaumia.

Baridi je? Wengi wanalipandisha juu ya kabati msimu wa baridi ukianza, na mimi naona huo ndo msimu linapofanya kazi tamu zaidi. Povu halijui moto wala baridi, linachofanya ni kuzuia joto lisipite, liwe linaingia au linatoka. Tunamimina maji ya moto ndani (yasiwe yanachemka), tunafunga kama dakika 10 ili kuta zipate joto, tunamwaga, tunakausha haraka, halafu sufuria iliyotoka jikoni inafungwa taulo nene na kuingia. Taulo lisikosekane, sufuria ya moto ikigusa plastiki moja kwa moja inaweza kuipinda. Nafasi zinazobaki tunajaza na vitambaa kwa sababu hewa nyingi ndani inapoteza joto kila ukifungua. Mchana mnapofungua mvuke unapanda, watoto wenye pua nyekundu wanasogea wenyewe bila kuitwa, na pale pale safari inapata nguvu mpya ya kuendelea mpaka jioni. Kwa hili peke yake ningelinunua tena.

Ukubwa wa lita 25 unatosha watu wazima wawili na watoto watatu kwa siku moja, kulala ni hesabu nyingine. Msikimbilie kubwa kwa kuwaza "litatufaa mbele ya safari", likijaa linakuwa mzigo wa watu wawili na mkono mwingine una mtoto, tena deli kubwa lililojaa nusu halitunzi ubaridi vizuri. Lenye matairi madogo ya plastiki pia fikirieni mara mbili, kwenye lami linateleza vizuri, kwenye mchanga na tope mtalibeba tu na matairi yameongeza uzito.

Mpini ndo unaoniudhi, ni mwembamba na unakata vidole likiwa limejaa, tumeuzungushia kitambaa na kushona. Usafi rahisi: maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, magadi kidogo kama limeshika harufu ya samaki, kitundu cha chini nacho kisugueni na mswaki wa zamani maana uchafu unajificha pale. Likikauka lihifadhiwe mfuniko wazi, ukilifunga na unyevunyevu ndani utakuta ukungu mweusi kwenye mpira, na mpira ukishaoza deli limekufa. Muulizeni muuzaji kabisa kama mpira unauzwa peke yake.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ajili ya mpini na ule mfereji wa mfuniko. Kwa familia inayotembea kwa daladala au kwa miguu ningesema chukueni mfuko laini wenye povu wa kuvaa mgongoni, barafu yake inawahi kuisha ila mikono inabaki huru kushika watoto.