Huduma ya kiti cha magurudumu uwanja wa ndege: tathmini ya bibi aliyekwenda kumpokea mjukuu

Nina miaka 69 na goti la kulia limesagika. Nyumbani natembea mwenyewe, ngazi napanda nikishika ukuta, shughuli zangu nazimaliza. Kwa hiyo binti yangu aliponipigia simu na kusema, "Mama, nimekuombea kiti cha magurudumu kwenye safari," nilinyamaza. Kwangu mimi kiti kile kilikuwa cha mtu asiyeweza kusimama. Sasa nimerudi, baada ya wiki saba kwa mjukuu wetu wa kwanza, na naandika haya kwa mabibi na mababu wenzangu wanaofunga mizigo kwa safari kama ile. Kiombeni. Kiombeni hata kama mnatembea.

Ninachozungumzia ni ile huduma ya kuwasindikiza abiria wenye shida ya kutembea, kuanzia kaunta ya tiketi mpaka mlango wa ndege, na kutoka ndege mpaka nje kwa wenyeji wako. Unaiomba kupitia shirika la ndege na hulipi kitu juu ya tiketi yako. Sisi tulipita viwanja vitatu: tulikoondokea, tulikobadilishia ndege, na tulikofikia. Viwili vilinihudumia vizuri mno, kimoja kilinikosea, na nitavieleza vyote.

Nianze na kuomba kwenyewe, maana hapo ndipo nilipofanya kosa. Mtumishi wa shirika alimuuliza binti yangu maswali mawili: mama anaweza kupanda na kushuka ngazi? Akishaingia ndani ya ndege, anaweza kutembea hadi kwenye kiti chake? Majibu yako ndiyo yanayoamua herufi zitakazoandikwa kwenye tiketi. WCHR ni ya mtu anayeweza ngazi na anayeweza kufika kwenye kiti chake, ila umbali mrefu unamshinda. WCHS ni ya asiyeweza ngazi. WCHC ni ya anayehitaji kusaidiwa mpaka kwenye kiti chenyewe. Mashirika ya ndege yanatumia herufi hizohizo dunia nzima, kwa hiyo nilizinakili kwenye karatasi nikaichomeka ndani ya pasipoti. Kwenye kaunta ambayo mtumishi haelewi lugha yako, karatasi hiyo inakusemea.

Mimi nilimwambia binti yangu ajibu kwamba ngazi naziweza, na kweli naziweza, asubuhi, nikiwa nimelala vizuri. Nilisahau kwamba goti litakaloshuka kwenye ndege litakuwa limekunjwa kwa saa tisa. Ukiulizwa, lijibie goti la mwisho wa safari.

Mzee wangu ana miaka 76. Miguu yake ni mizima, lakini sikio moja halisikii na maandishi ya kwenye mbao za matangazo hayaoni vizuri. Alipoambiwa habari ya kiti alikataa kabisa. "Mimi siumwi," alisema, na kwa siku mbili hakutaka suala lile lirudiwe. Aliyelimaliza ni binti yake: "Baba, wewe hukai kwenye kiti. Wewe ni mtu wa kuwapokea na kuwaonyesha njia tu." Kumbe na hiyo ina herufi zake, MAAS, kwa abiria anayetembea vizuri lakini anahitaji wa kumwongoza. Nashangaa jinsi watu wachache wanavyoijua. Wazee wengi wanahangaika viwanjani si kwa sababu ya miguu, ni kwa sababu hakuna wa kuwaambia geti limehamishwa.

Mashirika mengi yanataka kuarifiwa angalau saa 48 kabla ya safari, na muda huohuo ndio unaotajwa kwenye kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 kuhusu abiria wa aina yetu. Binti yangu aliomba mapema kabisa, siku aliyokata tiketi. Hata hivyo alipopiga tena wiki moja kabla, akakuta ombi limeandikwa kwenye ndege ya kwanza peke yake. Ndege ya pili ilikuwa ya shirika jingine, na huko sisi hatukujulikana. Walirekebisha palepale. Kwa hiyo mtakaowaombea wazazi wenu, ulizeni kipande kwa kipande, na cha kurudi pia.

Uwanja wa kwanza nautolea sifa zote. Kijana aliyenisukuma aliniuliza kabla ya kushika mishikio, "Bibi, niko tayari. Na wewe uko tayari?" Kila alipofika mahali penye mteremko au kizingiti aliniambia kwanza, ndipo akapita. Kwenye ukaguzi, fimbo yangu ilipitishwa kwenye mashine nikangoja nimekaa, na hakuna aliyenivuta mkono. Dawa zangu za presha na insulini ya mzee zilikuwa kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Insulini msiiweke kwenye begi linaloingia chini ya ndege, maana huko inaweza kuganda kwa baridi ikaharibika. Tuliingia ndani ya ndege kabla ya abiria wengine, mzee akapata nafasi ya kupanga vitu vyake bila kusukumwa. Hilo la kuingia mwanzo lilimtuliza sana.

Angani sina mengi. Ukikaa zaidi ya saa nne hatari ya damu kuganda miguuni inaongezeka, kwa hiyo nilivaa soksi za kubana, nikawa nazungusha vifundo vya miguu, na kila baada ya muda nilikwenda mpaka nyuma ya ndege na kurudi.

Kisha tukafika kwenye uwanja wa kubadilishia ndege.

Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mnaosindikizwa mnaingia wa kwanza lakini mnashuka wa mwisho. Tulikaa tukiangalia ndege nzima ikimwagika watu, na dakika zinakwenda. Ndege ilikuwa imeegeshwa mbali na jengo, na mlangoni nikakutana na ngazi. Nilizihesabu, zilikuwa 19. Kwa mujibu wa herufi zangu ngazi nilikuwa naziweza, kwa hiyo hapakuwa na gari la kuninyanyua, na kosa hilo ni langu. Nilishuka kinyumenyume, mikono miwili kwenye chuma, mzee akiwa chini yangu amenishika kiuno. Nilipofika chini goti lilikuwa linatetemeka lenyewe.

Kilichofuata si kosa langu. Mama mmoja alitusukuma hadi ndani ya ukumbi, akanisimamisha karibu na nguzo, akachukua pasipoti zetu na pasi za kupandia ndege, akasema anakuja. Akaondoka. Ilipita nusu saa, ikapita saa nzima. Kiti nilichokalia kilikuwa cha magurudumu madogo manne, ambacho mkaaji hawezi kukisukuma mwenyewe, na breki yake iko nyuma, mkono haufiki. Nilikuwa na haja ya kwenda msalani tangu tukiwa angani. Mzee akataka kwenda kuulizia, nikamshika shati. Na sikio lile, na ukumbi ule, angepotea, na hati zetu hatuna. Nilihisi woga ambao sikuwa nimeuhisi kwa miaka mingi. Nawaambia hivi ili anayeongoza shughuli hizi popote alipo ajue: mtu mzima aliyeketishwa kwenye kiti asichoweza kukisogeza, bila hati zake, bila kuambiwa saa, amefungwa.

Mfanyakazi wa usafi ndiye aliyenitazama usoni akaelewa. Hatukuwa na lugha moja. Alifungua breki, akanipeleka msalani, akaningoja nje, akanirudisha palepale kwenye nguzo ili wasinikose. Nilimshika mikono yote miwili.

Saa moja na dakika 40 tangu tuachwe, kijana mmoja alikuja mbio na hati zetu, tukapita njia za nyuma, na tukafika getini likiwa linakaribia kufungwa. Niliandika malalamiko nilipofika kwa binti yangu, nikaeleza tarehe, saa na nguzo. Mpaka sasa sijajibiwa.

Kwa uwanja ule nina ushauri wa mtu aliyeumia. Pasipoti na pasi ya kupandia ndege zikishaonyeshwa, zirudi mkononi mwako. Anayekuacha muulize anarudi saa ngapi, na mwambie akupitishe msalani kabla hajaondoka, usione haya. Na tiketi ikatwe yenye mapengo ya kutosha. Sisi tulikuwa na saa mbili na nusu, muda unaomtosha kijana mwenye begi moja mgongoni. Wazee wawili wanaoshuka wa mwisho wanahitaji zaidi.

Uwanja wa kufikia ulinifuta machozi. Dada aliyetupokea alikuwa amesimama mlangoni mwa ndege na majina yetu kwenye karatasi. Tulipokuwa kwenye njia ndefu ya kwenda uhamiaji aliuliza tunakwenda kwa nani. Nikamwambia mjukuu, ana siku 11. Alisimama, akazunguka mbele ya kiti, akanipa mkono wa hongera, kisha akampa mzee. Pale uhamiaji alikaa nasi mpaka mwisho, akarudia swali polepole upande wa sikio zima la mzee. Kwenye mizigo alihesabu mabegi pamoja nami, likiwemo lile la sweta na soksi ndogondogo nilizofuma tangu mimba ilipotimiza miezi minne.

Nikamwomba jambo moja. Nilitaka kunawa vizuri na kubadili blauzi kabla ya kutoka nje. Daktari alikuwa ametuchanja sisi wote wawili chanjo ya kifaduro zaidi ya wiki mbili kabla ya safari, maana kifaduro ambacho kwa mtu mzima ni kikohozi tu kinaweza kumuua kichanga. Akatuonya pia tusimbusu mtoto usoni, na tuoshe mikono kila tunapomshika. Nilikuwa nimeshika vyuma vya ngazi, mikanda ya viti, milango ya viwanja vitatu. Dada yule hakuharakisha. Alishika mkoba wangu, akangoja, na nilipotoka akaniambia, "Sasa uko tayari kwa mtoto."

Mkwe wetu alikuwa nje. Binti yangu alibaki nyumbani, alijifungua kwa upasuaji.

Na hapa ndipo nilipojua kiti kile kimenifanyia nini. Miaka minne iliyopita nilikwenda kwenye harusi ya binti yangu huyuhuyu, nikatembea viwanja vyote kwa miguu yangu kwa sababu sikutaka kuonekana mzee. Goti lilivimba, nikakaa siku tatu mguu juu ya stuli, watu wananihudumia mimi. Safari hii, mzazi alikuwa ameambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake, na mtoto ananyonya mara nane hadi 12 kwa siku, usiku na mchana. Nyumba ile haikuwa na nafasi ya mgonjwa wa pili.

Tulifika saa tatu usiku. Goti lilikuwa limechoka kwa zile ngazi, lakini halikuvimba. Nilinawa tena, nikakaa, binti yangu akaniwekea mtoto mikononi. Kichwa chake kilikaa sawasawa kwenye kiwiko changu. Mtoto wa umri ule anaona vizuri vitu vilivyo kama sentimita 20 hadi 30 kutoka machoni pake, na huo ndio umbali wa kutoka kwenye kiwiko mpaka usoni kwa anayempakata. Alikuwa na vinyweleo laini mabegani, kama vya pichi, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa mrefu umeanza kujikunja. Alinitazama bila kupepesa. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu amevua miwani.

Usiku wa manane, alipomaliza kunyonya, nilimchukua nikamcheulisha, nikatembea naye ukumbini mpaka akalala, nikamlaza chali kwenye kitanda chake. Binti yangu alilala saa tatu mfululizo, mara ya kwanza tangu ajifungue. Nilitembea naye kwa miguu hiihii.

Safari ya kurudi nilibadilisha herufi zikawa WCHS. Kwenye uwanja uleule ulionikosea lilikuja gari la kunyanyua, tukashuka bila kukanyaga ngazi hata moja. Hati nilizishika mwenyewe. Aliyetupokea aliniambia atarudi baada ya dakika 40, akarudi baada ya 50, na msalani nilikuwa nimeshapita. Kwa hilo nawapa nyota tatu, viwanja vile viwili vingine tano, na huduma nzima nyota nne.

Mjukuu akitimiza mwaka tutakwenda tena. Nimeshamwambia binti yangu aandike WCHS kwangu, MAAS kwa baba yake, kwenye kila kipande cha tiketi, na pengo la kubadilisha ndege lisipungue saa nne.