Transista "orijino" zilizofutika kwa pamba, halafu naambiwa sijui kuchomelea

Hii nilishaiacha ipite, kweli kabisa, nilisema ngoja nikae kimya, ila juzi kati nimeona yule muuzaji kaweka tena picha za mzigo mpya, transista zile zile, vile vijidude vya miguu mitatu vya kukuza umeme wa sauti, zenye maandishi meupe yanayong'aa, na watu huko chini wanaandika "bei kiongozi", "Mwanza zinafika?", nikasema hapana, hii haiwezi kwenda hivi hivi.

Ni jamaa yupo hapa hapa Dar, jina simtaji wala duka silitaji, wenye magita ya umeme mtamjua, maana tunaohangaika kujitengenezea vifaa wenyewe hatuko wengi na wanaotuuzia ni wachache zaidi. Anauza seti za kuunganisha nyumbani pedali, yaani maboksi ya kukanyaga yanayobadilisha sauti ya gita, anauza na pikapu, zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, nobu, jeki, maboksi ya alumini. Na mimi si kwamba nimeanza jana. Gita ninalopigia bodi yake ni ya mninga, mbao niliichagua mwenyewe kwa mafundi fanicha wa Keko, zito hilo usiombe, ukimaliza kupiga harusi bega linakusimulia, ila sauti yake inakaa hewani mpaka unaamua wewe ikatike. Pikapu nimebadilisha mwenyewe, ndani nimelibandika karatasi ya shaba na kuvuta athi mpaka kwenye briji, ule mngurumo ukisogea karibu na taa umekufa kabisa. Naomba hilo mlishike.

Sasa nilikuwa nataka fazi, pedali ya kukwaruzisha sauti ya gita. Ile ya zamani ya boksi la duara iliyoanza kuuzwa London 1966, aliyokuwa anaikanyaga Jimi Hendrix, ingawa mimi wala siyo Hendrix aliyeniingiza huko, ni majirani zetu Wazambia wa miaka ya 70, bendi za WITCH na Ngozi Family, sikiliza yale magita yanavyokwaruza utadhani spika imechanika na bado mguu unatikisika. Ya zamani yenyewe bei haishikiki kwa hiyo watu wanajiunganishia, maana saketi yake ni ndogo mno, ukimwaga vipande vyote mezani vinaenea kwenye kiganja. Mambo yote yako kwenye transista mbili tu. Zinatakiwa ziwe za jemaniamu, madini ya transista za zamani kabla silikoni haijatawala. Ukiweka za silikoni inalia, na wapo wanaozipenda, hiyo ni haki yao, lakini inakuwa kali ya kuchoma masikio na inavuma. Ya jemaniamu ukishusha voliumu kidogo tu kwenye gita inajisafisha, unapiga rumba lako humo humo bila kuikanyaga izime, halafu ukifungua tena inaunguruma. Hicho ndicho nilichokuwa nalipia, siyo kingine.

Seti nzima 120,000, na humo ndani transista peke yake ni 30,000, kaandika mwenyewe kwenye meseji na meseji ninayo, "jemaniamu orijino AC128 zimepimwa zipo pea", hiyo AC128 ni namba ya aina ya transista. Nikatuma hela, mzigo ukaja na bodaboda siku ile ile. Na hapa lazima nimtendee haki, boksi ni zuri sana. Alumini nene, matundu yametobolewa mahali pake, swichi ya mguu nzito ukiikanyaga unaisikia mpaka kwenye soli, jeki zimebana hazichezi, na skrubu za akiba kaweka bila kuombwa. Nikamwandikia "asante sana kaka, kazi safi". Siku hiyo ningeandika ningempa nyota tano na ningegombana na mtu anayebisha.

Nikaunganisha taratibu, sina haraka na hizi kazi. Transista sikuzichomelea. Narudia kwa herufi kubwa maana najua atasoma: SIKUZICHOMELEA. Jemaniamu haipendi moto, anayezifahamu anajua hivyo, kwa hiyo kwenye bodi ya saketi niliweka soketi, vile vijitundu vitatu vitatu, nikachomelea soketi tupu, zikapoa, ndiyo nikaja kuchomeka transista kwa vidole. Miguu yake mpaka leo ni mirefu, haijakatwa, haina hata tone la risasi.

Nikawasha amplifaya, nikakanyaga. Shhhhhhh. Na katikati ya hiyo shhhhh kuna mtu anaongea. Nimefunika nyuzi kwa kiganja, gita halitoi kitu, na kwenye spika mtangazaji wa redio anasoma salamu za watu, taratibu kabisa, jina baada ya jina. Mke wangu kutoka chumbani anauliza, "Hiyo ndiyo ya laki na ishirini?"

Sasa fazi kunasa redio inatokea, siyo ajabu, hasa zile zenye geini kubwa, yaani nguvu ya kukuza sauti. Kilichonishtua ni hiyo geini. Transista za jemaniamu zilizopimwa na kuchaguliwa pea kwa ajili ya saketi hii hazitakiwi kuwa na geini ya kuvuta mtangazaji sebuleni. Nikazichomoa, nikaweka mita ya kupimia umeme kwenye alama ya dayodi, nikagusa miguu. Jemaniamu hapo inakusomea volti 0.2, ikizidi sana 0.3. Ya kwanza ikasoma 0.66. Nikadhani mita, nikabadilisha betri ya mita. Ya pili 0.67. Hiyo ni silikoni jamani, hapo hakuna mjadala wala maoni, hata mwanafunzi wa VETA wa muhula wa kwanza atakuambia. Nikachukua pamba, nikaitia ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, nikapitisha juu ya maandishi mara moja tu bila hata kukandamiza. "AC128" yote ikahamia kwenye pamba. Kichwa cha bati kikabaki cheupe, hakina jina hakina namba.

Nikampigia picha. Picha ya mita, picha ya pamba, picha ya transista iliyofutika. Nikamwandikia kwa adabu zote, sikutukana, nikasema kaka naomba tubadilishane hizi mbili tu, vingine vyote viko poa. Tiki za bluu. Kimya. Jioni ndiyo ikaja voisi.

Hii voisi ndiyo imenifanya niandike. "Sikiliza mdogo wangu," ndivyo alivyoanza, mimi mwanangu wa kwanza yuko sekondari, "sikiliza mdogo wangu, hivi vitu siyo vya kila mtu. Hizo transista umeziunguza na hiyo pasi yako ya kuchomelea. Nyie mkishaona mtu kafanya Yutubu mnadhani ni rahisi. Peleka kwa fundi akufanyie." Na hapo nyuma, dukani kwake, kuna mtu anacheka. Siyo kicheko cha jambo lao lingine, ni kile cha mtu anayesikiliza mwenzie anavyokupa vidonge vyako na anamuongezea mori. Nimeirudia hiyo voisi mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mzima, na kila nikiirudia naishia pale kwenye kicheko.

Nikajibu. Nikampigia picha soketi, nikampigia picha miguu ya transista mizima isiyo na risasi, nikamuuliza swali moja tu la kistaarabu: transista ikiungua inageukaje silikoni? Na maandishi nayo yaliungua? Akajibu "nunua kwingine bosi", nikitaka kuendelea naona picha yake imepotea, kaniblok.

Niseme ukweli, baadaye nikaanza kumtetea kichwani mwangu mwenyewe. Nikasema labda na yeye kapigwa huko anakoagiza, maana hizi jemaniamu za zamani zimeadimika, soko limejaa za kupaka rangi upya, wanaopigwa siyo sisi wa Kariakoo tu, wazungu nao wanalia kila siku. Mtu anaagiza mfuko mzima kwa nia njema unakuja mfuko wa uongo, afanyeje. Hapo nilikuwa karibu kumsamehe kabisa. Halafu nikafikiria tena: si anasema zimepimwa? Kapimia nini? Mita ya bei chee pale Kariakoo haifiki hata bei ya transista zake, unagusa miguu, sekunde chache, jibu liko usoni. Kwa hiyo ama hakupima na kaandika kapima, ama kapima na kajua. Chagueni nyie. Na mtu aliyepigwa ukimwonyesha pamba anastuka, anakimbilia kuangalia mzigo uliobaki. Yeye kakimbilia kunifundisha kuchomelea.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja fundi redio Ilala, kibanda chake kimejaa maredio ambayo wenyewe nadhani walishasahau kuyafuata. Nikamwekea zile transista mkononi, akazigeuza, akacheka kidogo, lakini huyu alizicheka transista siyo mimi. Akasema AC128 haina umbo hili. Ya kweli ni nyembamba, imesimama ndefu kidogo, haina ukingo huku chini wala haina hiki kijiulimi cha pembeni. Akavuta bodi ya redio la Philips la siku nyingi, hizo AC128 ndizo zilikuwa zinasukuma spika, akaibana mguu wa transista kwa koleo karibu na kichwa ili joto la pasi liishie kwenye koleo lisipande, akayeyusha, akachomoa. Polepole, mguu mmoja mmoja, anasubiri upoe ndiyo anaenda mwingine. Mita ikasoma 0.21. Akanichomolea nyingine kadhaa nikachague mwenyewe nyumbani, akasema nimpe chochote, nikampa 10,000 akaona nyingi. Kuniuliza kama mimi ni fundi au siyo fundi hakuniuliza kabisa.

Nyumbani nikapima geini, yenye geini ndogo nikaiweka mbele, kubwa ikafuata, nikatoa ile rezista ya kilo-omu 8.2, kile kipande cha kuzuia umeme, nikaweka ya kuzungusha kwa bisibisi, nikazungusha mpaka pale kwenye kolekta, mguu wa kutolea sauti, ya transista ya pili nikapata volti 4.5 hivi, nusu ya betri. Nikakanyaga. Aisee. Sijui niseme nini, mtangazaji kaondoka na salamu zake, kimebaki kitu kinene chenye manyoya pembeni, nikashusha voliumu ya gita, pap, imesafika, napiga sebene la taratibu kila noti unaiona, nikafungua ikarudi kunguruma. Nilipiga mpaka jirani akagonga ukuta, na jirani mwenyewe huwa ana subira.

Tena jemaniamu ina tabia yake na hili joto letu, muijue kabla hamjanunua. Joto likipanda kama nyuzi 10 ule umeme unaovuja ndani yake unakaribia kuwa mara mbili, kwa hiyo tukienda kujaribu vyombo ufukweni saa tisa mchana, boksi limeota jua, sauti inakaba, noti inakatika katika. Saa mbili usiku iko sawa tena. Nimetoboa kijitundu kwenye boksi napitisha bisibisi naizungusha kidogo kulingana na hali ya hewa, na mchana naifunika kwa taulo. Wenzangu kwenye bendi wananicheka ila hao wacha wacheke.

Na hapa ndipo napochanganyikiwa kwenye kutoa nyota, maana ukiangalia kwa haki, hii pedali ninayoisifia ni boksi lake, swichi yake, jeki zake, bodi yake, kila kitu chake kasoro mbili. Kijitundu nilichotoboa kimetoboka vizuri kwa sababu alumini yake ni nzuri. Nimeipiga kumbi nyingi sasa, imemwagiwa bia, haijakwaruza hata kidogo. Nilikuwa nimeandika nyota tatu. Mtu akitaka boksi na swichi ningesema kwa roho safi nenda kwake, hapa mjini sijaona bora zaidi.

Halafu nimeisikiliza tena ile voisi kabla ya kupandisha hii, nihakikishe simsingizii maneno. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya skrubu za akiba.

Mkienda kwake nendeni na mita mfukoni, pimeni pale pale kaunta kabla hamjatuma hela, akikasirika mnapima basi rudisheni mita mfukoni mwondoke. Na wewe mwenyewe ukipita hapa ukasoma, boksi nimelipenda, sirudishi, ila 30,000 ya transista naitaka, namba ya kutuma unayo, nitoe tu kwenye bloku.